Mbona gemu za polepole haziuziki? Kutoka reli ya Voi hadi dukani

Leo sitaandika kuhusu hifadhidata wala kuhusu kivinjari kipi ni bora. Nataka tuzungumze historia kidogo, kwa sababu kuna swali linalonisumbua kama mtu anayeandika programu na anayependa gemu.

Swali ni hili: kwa nini gemu za uigaji zinazokwenda polepole hupata tabu sokoni? Nazungumzia zile zinazoiga kazi yenyewe, kama kuendesha treni, kulima au kupanga mji, ambamo hakuna adui wa kupigwa risasi na saa nzima inaweza kupita bila jambo kubwa kutokea. Wengi watakujibu kwamba zinachosha, basi. Mimi naona jibu hilo halitoshi. Nadhani tatizo liko kwenye mita, yaani namna muda wa mchezaji unavyopimwa na kulipiwa. Nitaeleza, nikianzia hapa kwetu Voi.

Kila mtu amesikia habari za simba wa Tsavo, wale wawili waliokula wajenzi wa reli mwaka 1898. Hollywood ilitoa filamu juu yao mwaka 1996, na filamu yenyewe ikapigwa Afrika Kusini. Lakini kuna reli nyingine hapa ambayo sijaona mtu akiitolea filamu. Mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walianza kujenga njia kutoka Voi kwenda magharibi ili kupeleka askari na maji dhidi ya Wajerumani waliokuwa wameiteka Taveta. Njia ilipita Maktau na Mbuyuni, ikafika Taveta mwaka 1916, halafu ikaungana na reli ya Wajerumani ya Usambara upande wa Moshi. Tangu hapo Voi ikawa makutano.

Baadaye, mwaka 1955 na 1956, njia kuu ya Mombasa na Nairobi ililetewa injini 34 za Garratt za daraja la 59, zilizotengenezwa na Beyer Peacock kule Manchester. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 250 hivi, na zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Kwenye reli za upana wa mita moja hazikuwa na mshindani duniani. Moja yao, Mount Gelai, bado iko kwenye makumbusho ya reli Nairobi.

Sasa fikiria kazi ya dereva wa injini hiyo. Njia ni moja, kwa hiyo unasimama stesheni kungoja treni inayotoka upande wa pili. Unaangalia maji, unaangalia mvuke, unaangalia mlima ulio mbele na uzito ulio nyuma yako. Ustadi wake wote ni wa kusubiri na kukadiria. Kwa uigaji haya ni malighafi safi kabisa. Kwa soko, ni habari mbaya.

Turudi nyuma. Gemu za kompyuta kama biashara kubwa zilianzia kwenye mashine za sarafu. Pong ilitoka 1972, Space Invaders ikatoka Japani 1978. Mwenye mashine alikuwa anauza dakika. Mchezaji akicheza nusu saa kwa sarafu moja, mwenye mashine amepata hasara. Kwa hiyo gemu zilitungwa ziwe rahisi kuanza, zikuue mapema, na zikuache na hamu ya kutia sarafu nyingine. Wengi huchukulia kwamba kasi ndiyo asili ya gemu. Kumbe ilianza kama hesabu ya mapato.

Usidhani hayo yalikuwa mambo ya Marekani na Japani peke yake. Wale mliokulia miji kama Voi miaka ya 2000 mnajua. Saiba ilitoza kwa dakika, na kabla ya nyaya za baharini kufika Mombasa mwaka 2009, dakika nyingi kati ya hizo uliishia kuutazama ukurasa ukijifungua. Kibanda cha PlayStation nacho kilitoza kwa mechi. Mechi ya mpira inaisha, mshindi anabaki, anayefuata anatoa pesa. Katika banda kama hilo ungechezaje gemu ya kulima shamba, ambayo mahindi yake yanataka msimu mzima? Hata kama ungeipenda, mfuko usingekuruhusu, na wenzako waliopanga foleni wangekutoa kwa nguvu.

Kompyuta ya nyumbani iliondoa sarafu. Hapo ndipo uigaji ulipopata nafasi. Flight Simulator ya Bruce Artwick ilianza kuuzwa mwisho wa miaka ya 1970, na Microsoft wakatoa ya kwao mwaka 1982. Will Wright alibuni SimCity katikati ya miaka ya 1980, lakini wachapishaji waliogopa. Walimuuliza: mtu anashindaje? Hashindi. Anajenga mji tu. Gemu ikatoka mwaka 1989 kupitia Maxis, kampuni aliyoianzisha na Jeff Braun, na ikawa maarufu duniani kote.

Lakini mita nyingine ilikuwa inangoja: rafu ya duka. Gemu kwenye boksi ilikuwa na wiki chache tu za kujionyesha kabla ya kusukumwa na boksi jipya. Gemu ya kasi unaielewa kwa picha mbili. Gemu ya polepole unaielewa baada ya wiki tatu, na kufikia hapo rafu imeshabadilika. Maxis wenyewe walinunuliwa na Electronic Arts mwaka 1997. Microsoft walitoa Train Simulator mwaka 2001, wakatangaza toleo la pili, wakalifuta. Wakalitangaza tena, na likafa pamoja na studio yao ya ACES iliyofungwa Januari 2009. Studio hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa ikitengeneza Flight Simulator! Mwaka 2012 wakajaribu Microsoft Flight, iliyorahisishwa ili ivutie watu wengi, na mwaka huo huo wakaiacha.

Kuna mfano mmoja wa kuchekesha. Mwaka 1995 ilitengenezwa gemu iitwayo Desert Bus, ambamo unaendesha basi jangwani kutoka Tucson hadi Las Vegas kwa saa nane za kweli. Hakuna kusimamisha mchezo, basi linavuta upande, na ukifika unapata pointi moja. Ilikuwa mzaha wa kuwakejeli waliolaumu gemu kwa ukatili. Haikuwahi kufika madukani kwa sababu kampuni ilifungwa kabla. Lakini tangu 2007 kuna watu wanaoicheza kila mwaka mbele ya watazamaji ili kuchangisha pesa za hisani, na wanachangiwa kweli. Msafiri wa basi la usiku la Mombasa na Nairobi, anayeamka Voi kunywa chai, ataelewa kwamba saa nane barabarani haziwi tupu.

Basi nini kilibadilika? Mita ilibadilika. Maduka ya mtandaoni kama Steam, lililofunguliwa 2003, hayana rafu inayojaa. Gemu inaweza kukaa miaka ikiuzwa pole pole. Farming Simulator ya Waswisi wa Giants Software ilianza 2008 na bado inatoa matoleo. Euro Truck Simulator 2 ya SCS Software wa Prague ilitoka 2012, na mpaka leo wanauza ramani mpya kwa wateja wale wale. Flight Simulator nayo ilirudi mwaka 2020, ikiwemo kwenye huduma ya kulipia kwa mwezi, ambako mchezaji anayekaa muda mrefu ni faida, si hasara. Watu ni wale wale, upole ni ule ule. Kilichobadilika ni namna ya kulipa.

Na sisi? Wakenya wengi hucheza kwenye simu. Planet Rackus wa Nairobi walitoa Ma3Racer, ya kukimbiza matatu na kukwepa watu barabarani. Ilikuwa nzuri, na ilikuwa ya kasi. Lakini tazama Bus Simulator Indonesia, iliyotoka 2017. Vijana wa Kenya na Tanzania wamekuwa wakiichorea mabasi ya kwetu, rangi na majina na yote, na kugawiana. Wanaendesha basi, wanasubiri abiria, wanafika. Nani alisema hawapendi polepole?

Kikwazo cha simu ni kwamba gemu nyingi ni za bure na hulipwa na matangazo. Tangazo linataka mahali pa kukatizia, kwa hiyo mtunzi anakata mchezo vipande vya dakika mbili. Hiyo ni sarafu ya 1978 imerudi kwa mlango wa nyuma.

Kwa nini nalivalia njuga jambo hili? Injini za Garratt za daraja la 59 zilikuwa zimestaafishwa kufikia 1980. Aliyeziendesha akiwa na miaka 25 sasa amepita 70. Kitabu kinaweza kutuambia zilikuwa na uzito gani, na picha ikatuonyesha moshi wake. Lakini ile kazi ya kukadiria mvuke mlimani, na kujua lini usubiri, haielezeki vizuri kwa maneno. Inajulikana kwa kufanya, na uigaji ndiyo njia pekee niijuayo ya kumfanya mjukuu aifanye. Tukitunga kwa kufuata mita ya matangazo, tutapata gemu ya kukimbia simba wa Tsavo, nayo itauza. Reli ya Voi na Taveta itabaki bila mtu anayejua ilivyoendeshwa.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mtunzi mwenzangu ni mfupi: kabla hujaipunguza gemu yako ili iwe ya haraka, badilisha kwanza namna ya kuiuza. Iuze mara moja kwa bei ndogo kwa M-Pesa, iwe nyepesi kupakua, ichezeke bila bando, kisha ongeza stesheni moja moja. Na kama una babu aliyefanya kazi ya reli, nenda ukakae naye wiki hii. Usiende na haraka.