Chungu cha Ndizi na Maharage

 Kama mna ubao, andikeni maneno matano: ndizi, maharage, nyanya, kitunguu, mnavu. Mkisha kuandika, wekeni chaki chini, msikilize.

Maneno hayo matano ni chungu kimoja. Ukipita Kitendaguro, pale Bukoba, saa za jioni, utakuta mafiga matatu na moto chini yake. Maharage hutangulia, kwa kuwa ni magumu. Yakikaribia kuiva, mama humenya ndizi akazitia juu yake pamoja na kitunguu na nyanya, akafunika kwa majani ya mgomba, kisha akapunguza kuni. Mnavu hupikwa kando. Hapana anayepima kitu kwa kikombe. Mkono unajua.

Sasa nawauliza: katika vitu hivyo vitano, kipi ni mwenyeji na vipi ni wageni? Nilipouliza swali hili darasani, karibu wote walijibu, "Vyote ni vyetu, tumevikuta kwa babu zetu." Jibu hilo ni la kweli, lakini halitoshi. Mwenyeji ni mnavu peke yake. Vile vinne vingine vilisafiri.

Tuanze na chungu chenyewe, maana ni kikongwe sana. Huko Katuruka, katika nchi ya Maruku, kusini ya mji wa Bukoba, wazee walikuwa wakisimulia habari za mfalme Rugomora Mahe na wahunzi wake. Mtaalamu wa mambo ya kale, Peter Schmidt, alipofika Buhaya mwishoni mwa miaka ya 1960, aliwasikiliza wazee hao, naye akachimba pale walipomwonyesha. Alikuta mabaki ya kazi ya kuyeyusha chuma, na vigae vya vyungu vya namna iitwayo Urewe. Umri wake unapita miaka 2000. Angalieni jambo hili: kitabu hakikumwongoza mtu yule mpaka mahali pale. Aliongozwa na maneno ya wazee. Kwa hiyo asiyejua kusoma asidhani kuwa hana historia. Huenda anayo kubwa, ila haijaandikwa tu.

Sasa ndizi. Mgomba asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki na Guinea Mpya. Katika Guinea Mpya, mahali paitwapo Kuk, pameonekana alama za kilimo cha migomba cha miaka karibu 7000 iliyopita. Kutoka huko hata kufika kwetu ni safari ndefu ya bahari na nchi kavu. Tena fikirini: ndizi ya kupika haina mbegu. Ndege hawezi kuimeza akaiangusha mahali pengine, wala upepo hauwezi kuipeperusha. Mgomba huenda mahali pale tu ambapo mtu amebeba chipukizi lake. Basi kila mgomba uliopo kibanjani kwako umefika kwa mikono ya watu, mkono hata mkono, tangu ng'ambo ya bahari. Na wakulima wa nchi zetu za maziwa makuu hawakupokea tu. Walichagua, wakatenga, wakapanda tena, mpaka zikatokea ndizi za kupika ambazo hata huko Asia hazipo. Ziko pia zinazofaa kuchoma juu ya makaa, kama nkonjwa, ambayo mimi naipenda kuliko zile za chunguni, lakini hiyo ni habari nyingine.

Ndizi pekee hazitoshi kujenga mwili. Zinatia nguvu, lakini protini yake ni kidogo. Mwaka 1975, katika kampeni ya Chakula ni Uhai, vikundi vya watu kote Tanzania vilikaa pamoja kusikiliza redio na kujifunza mambo ya lishe. Bibi zetu walikuwa wamekwisha kuishi na jambo hilo kwa muda mrefu bila redio. Waliweka kitu cha jamii ya kunde pamoja na ndizi. Lakini kitu hicho, hapo zamani, hakikuwa maharage.

Maharage tunayopika leo ni mimea ya bara la Amerika. Kadhalika nyanya, mahindi, mihogo, viazi vitamu, karanga na pilipili. Kabla ya Columbus kuvuka bahari mwaka 1492, hapana mtu wa Afrika aliyekuwa ameonja haragwe la namna hii. Vasco da Gama alifika pwani yetu mwaka 1498, na baada ya hapo mbegu za Amerika zikaanza kuingia bara, kiganja kwa kiganja.

Kabla ya hapo, Afrika ilikuwa na kunde na njugu mawe, na hizo ni zetu kabisa. Ninyi wa Bukoba na Muleba mnazijua njugu mawe. Hazikuwekwa kibanjani chini ya migomba. Zililimwa nje, katika rweya, ule uwanda wa majani, na waliozilima ni wanawake. Walilima majani, wakayachoma, wakapanda, kisha wakaliacha shamba lipumzike miaka kadhaa. Ni kazi ya kuvunja mgongo. Haragwe lilipokuja, lilikubali kukua kibanjani kwenyewe, kivulini, karibu na mlango, katika misimu miwili ya mvua kwa mwaka. Majani yake yanalika, na mizizi yake inairutubisha ardhi. Mwanamke aliyekuwa akipanda kilima na jembe begani aliona faida hiyo mara moja.

Hapo mama mmoja wa darasa la Kitendaguro, mtu mzima kunizidi sana, alinyosha mkono. Akasema, "Mwalimu, tumefundishwa majina ya wafalme wa Kiziba na wa Karagwe. Nani ametufundisha jina la huyo aliyeleta haragwe?" Darasa likacheka. Mimi sikucheka, maana sikuwa na jibu. Wafalme walikuwa na watu wa kuimba sifa zao. Mwanamke aliyepokea mbegu ngeni kutoka kwa shemeji yake, akaijaribu pembeni mwa kibanja, akawalisha wanawe, huyo hakuimbiwa.

Kitunguu nacho asili yake ni Asia. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, kisha meli za Ziwa Viktoria zikaunganisha Bukoba na reli hiyo, na bidhaa za maduka zikazidi jikoni.

Msidhani kuwa chungu kimekwisha kubadilika. Katika miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe wengi mno wa Afrika Mashariki. Kibanja cha Mhaya kinaishi kwa samadi, kwa hiyo ng'ombe wakifa, migomba nayo hudhoofika. Katika miaka ya 1950 na 1960 sangara alitiwa katika Ziwa Viktoria. Ilipofika miaka ya 1980 alikuwa ameenea, na furu wengi wakatoweka. Minofu ya sangara ikapelekwa Ulaya kwa ndege, na jikoni kwa watu wengi wa kandokando ya ziwa yakabaki mapanki, yaani kichwa na mifupa.

Kisha mwaka 2006 mnyauko wa migomba ukaingia mkoa wa Kagera kutokea upande wa Uganda, ulikokuwa umeonekana mwaka 2001. Majani hugeuka manjano, ndizi huiva kabla ya wakati, na ukiikata unakuta ndani imeoza. Nyumba nyingine zilikata kibanja kizima, zikapika mihogo na ugali. Wakulima walifundishwa kuondoa ua la chini la mkungu kwa mti wenye panda, bila kisu, na kupitisha visu vyao motoni. Mgomba uliong'olewa haurudi peke yake. Lazima mtu alete chipukizi lingine zima, kama yule wa kwanza alivyoleta.

Basi hii ndiyo kazi yenu kabla ya somo lijalo. Nenda kwa mzee wa kike wa nyumbani kwako: mama, bibi, au shangazi. Muulize alipewa na nani mbegu yake ya maharage, na chipukizi la ndizi anayoipenda. Muulize pia kama bado anazo njugu mawe, na lini alipanda mara ya mwisho. Andika jina la aliyempa, na mahali alipotoka. Usipojua kuandika jina lote, andika herufi ya kwanza, mwalimu wako atakusaidia. Leteni majina hayo darasani. Tutayaandika ubaoni, kisha tutayasoma kwa sauti mmoja mmoja.