Siku saba za mwisho za Laura Palmer

Mei 1992, mjini Cannes, Ufaransa. David Lynch, mwongozaji wa Kimarekani ambaye miaka miwili nyuma aliondoka kwenye tamasha hilo na tuzo kuu ya Palme d'Or kwa filamu ya Wild at Heart, alirudi na kazi mpya: Twin Peaks: Fire Walk with Me. Safari hii aliondoka mikono mitupu. Wapo wanaosimulia hadi leo kwamba watu walizomea ukumbini. Robert Engels, aliyeandika mswada pamoja na Lynch, alikana kwamba jambo hilo lilitokea. Hata tukimwamini Engels, mapokezi yalikuwa ya baridi kali. Quentin Tarantino, aliyekuwa Cannes mwaka huo na filamu yake ya kwanza, alisema Lynch amejizamia mno kiasi kwamba yeye hana tena hamu ya kuona kazi yake nyingine. Vincent Canby wa gazeti la New York Times aliandika kwa kejeli kwamba hii si filamu mbaya kuliko zote duniani, ila inafanana sana na hiyo.

Huku kwetu Gisenyi, Rwanda, kuanzia Nengo kule juu ya ziwa hadi mpakani na Goma, habari hiyo haikumkosesha mtu usingizi. Vita vilivyoanza Oktoba 1990 vilikuwa vikiendelea, na Rwanda ndiyo kwanza ilikuwa inaanzisha televisheni yake ya taifa mwaka huohuo wa 1992. Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994, ingawa Zanzibar ilikuwa imewatangulia wote tangu mapema miaka ya 1970. Kwa hiyo swali lililowasumbua Wamarekani mbele ya televisheni zao, nani alimuua Laura Palmer, halikutufikia kwa wakati wake. Na filamu ya Lynch ilitengenezwa kwa ajili ya watu waliokwisha kulijua jibu.

Tamthilia ya Twin Peaks, iliyobuniwa na Lynch na Mark Frost, ilianza kurushwa na kituo cha ABC tarehe 8 Aprili 1990. Sehemu ya kwanza ilitazamwa na watu wapatao milioni 34. Msichana wa shule, kipenzi cha mji mdogo wa mbao karibu na mpaka wa Kanada, anaokotwa ufukweni akiwa maiti iliyoviringishwa kwenye plastiki. Anakuja mpelelezi wa FBI, Dale Cooper, mpenda kahawa na pai ya cheri, anayezitegemea ndoto zake kama wengine wanavyotegemea alama za vidole. Watu walicheka, wakaogopa, wakabishana makazini. Novemba 1990 muuaji akajulikana: ni baba mzazi wa Laura, Leland, aliyepagawa na pepo aitwaye BOB. Baada ya hapo watazamaji wakaanza kutawanyika, na Juni 1991 tamthilia ikafungwa, ikiwa na sehemu 30 na steringi wake akiwa amenaswa katika ulimwengu wa pepo.

Mashabiki walitaka Lynch amtoe Cooper huko. Badala yake aliwarudisha nyuma, kwenye siku saba za mwisho za Laura.

Sisi tuliokulia kwenye sinema za vibandani tunajua kanuni: steringi hafi. Hapa steringi anakufa, na unalijua hilo kabla hujakaa kitini. Muuaji naye unamjua. Kilichobaki ni kumtazama mtoto wa miaka 17 akigundua kidogo kidogo kwamba kiumbe kinachomwingilia chumbani usiku kina uso wa baba yake. Hakuna pai ya cheri wala utani wa kituo cha polisi. Kyle MacLachlan, aliyemwigiza Cooper, alikubali kuonekana kidogo tu. Lara Flynn Boyle hakurudi, nafasi yake ya Donna ikachukuliwa na Moira Kelly, na Sherilyn Fenn hayumo kabisa. Tena filamu inafunguka kwa televisheni inayovunjwavunjwa. Huwezi kumwambia mtazamaji wa tamthilia waziwazi zaidi ya hapo kwamba alichokifuata hakipo.

Ninavyoona mimi, hasira ya 1992 ilitokana na hilo kuliko ubovu wowote. Kwenye tamthilia Laura alikuwa fumbo: picha kwenye fremu, shajara, maiti. Fumbo halilii. Kwenye filamu alipewa mwili na sauti, na waliokuja kufumbua fumbo wakajikuta wanatazama nyumba ambamo mtoto anateswa na mama yake hafumbui mdomo. Sheryl Lee alikuwa mwigizaji wa jukwaani Seattle aliyeajiriwa awali kulala tu kama maiti. Lynch aliona kipaji chake, akamrudisha kwenye tamthilia kama Maddy, binamu wa marehemu, kisha akamwachia filamu nzima. Kuna mandhari moja ya mlo wa jioni: Leland anamkamata binti yake mkono, anazikagua kucha zake na kumwambia ni chafu, hajanawa. Hakuna damu, hakuna jini. Uso wa Lee peke yake unatosha kukufanya uangalie pembeni.

BOB mwenyewe alizaliwa kwa bahati. Frank Silva alikuwa fundi wa kupanga vyombo na samani kwenye seti. Sura yake ikanaswa kwenye kioo wakati wa kupiga picha, na Lynch, mtu asiyetupa bahati, akamfanya pepo.

Huku tuna mazoea yetu ya kutazama filamu ngeni. Rwanda yanaitwa agasobanuye: msimulizi anashusha sauti ya filamu, anaingiza yake, anakueleza nani ni nani, nani asiaminiwe, na anatia vichekesho pale anapoona umechoka. Nkusi Thomas, maarufu kama Yanga, aliyefariki mwaka 2022, alikuwa bingwa wa kazi hiyo, na baada yake wakatamba Junior Giti na Rocky Kirabiranya. Uganda wana maveejay wao, Kenya wana DJ Afro, Tanzania walikuwa na Lufufu.

Sasa tazama alichofanya Lynch. Mwanzoni mwa filamu mkuu mmoja wa FBI, anayeigizwa na Lynch mwenyewe, anawaleta wapelelezi wawili mbele ya mwanamke aitwaye Lil, mwenye gauni jekundu na waridi la buluu kifuani. Lil hasemi neno. Anakunja uso, anapepesa macho, anafumba ngumi moja na kuuficha mkono mwingine mfukoni, anapiga hatua palepale aliposimama. Ndani ya gari mpelelezi mmoja anamfafanulia mwenzake: uso uliokunjwa maana yake polisi wa huko watawasumbua, mkono wa mfukoni kuna kitu kinafichwa, hatua zile ni kazi ya miguu inayowasubiri. Agasobanuye kamili! Lakini akiulizwa kuhusu waridi la buluu, anajibu kwamba hilo hawezi kulieleza. Baadaye, kwenye baa ya walevi upande wa Kanada, muziki unafunguliwa kwa nguvu hadi maneno ya waigizaji hayasikiki, na unalazimika kuyasoma chini ya skrini. Msimulizi wetu hushusha sauti ya filamu ili ueleweshwe. Lynch aliipandisha.

Marekani filamu iliingiza takriban dola milioni 4 tu, wakati gharama za kuitengeneza zilikuwa kama milioni 10. Japani ilipendwa. Kisha miaka ikafanya kazi yake. Mhakiki Mwingereza Mark Kermode akawa miongoni mwa watetezi wake wakubwa, na mwaka 2014 zikatolewa dakika kama 90 za mandhari zilizokatwa. Tamthilia iliporudi mwaka 2017 kwa sehemu 18, ilijengwa kwa kiasi kikubwa juu ya vitu vya filamu hii: pete ya kijani, waridi la buluu, mpelelezi Phillip Jeffries aliyeigizwa na David Bowie. Bowie alikuwa amefariki Januari 2016, kwa hiyo Jeffries akarudi akiwa mtambo mkubwa wa chuma unaofanana na birika. Nani mwingine angethubutu?

Lynch naye alifariki Januari 2025, wakati ambapo wengi waliiweka filamu hii karibu na kilele cha kazi zake. Mimi sikubaliani na kila sifa inayomwagiwa. Nusu saa ya kwanza inajikokota, na Jeffries wa Bowie anapita kama mgeni aliyekosea nyumba. Lakini kuanzia Laura anapotokea njiani kuelekea shule, sijaona filamu ya kutisha inayomheshimu mwathirika wake kiasi hiki.

Ukitaka kuitazama, anza na sehemu 17 za kwanza za tamthilia, ongeza ile ya mwisho, ndipo uiweke filamu. Watoto wawe wamelala.