Hita ya maji inaposumbua, chunguza kihisi kabla ya kununua koili

KATIKA miji ya Nyeri, Karatina na Nanyuki, hita ya maji inapogoma kati ya Juni na Agosti nyumba nzima hujua. Aghalabu lawama huiangukia koili ya kupashia maji, ikang’olewa na nyingine kununuliwa, ilhali mkosaji ni kihisi cha joto, kile kidude kilichochomekwa ubavuni mwa tangi ambacho mafundi hukiita sensa.

Katika hita zenye kidhibiti cha kielektroniki, ukinzani wa kihisi hupungua kadiri maji yanavyopata moto. Aina iliyoenea sana huwa na omu 10,000 katika nyuzi 25 za Selsiasi, na takriban omu 2,500 katika nyuzi 60. Ukinzani ukishuka isivyostahili, kidhibiti hudhani maji yameshapata moto na kukata umeme mapema. Watu wakaoga maji ya uvuguvugu. Ukipanda, hudhani maji yangali baridi na koili huendelea kuwaka. Hili la pili ndilo la kuogopwa, kwani maji ya nyuzi 60 humbabua mtu mzima kwa sekunde chache tu, na mtoto haraka zaidi.

Kwanza zima swichi kuu, kisha uhakikishe kwa mita kwamba umeme wa volti 240 haufiki kwenye hita. Tazama iwapo nyaya zimeshika kutu au kihisi kimechomoka mahali pake. Kilichochomoka hupima hewa badala ya maji, na kukirejesha hutosha.

La sivyo, kitoe na ukipime. Ndani ya maji yenye barafu iliyopondwa, aina iliyotajwa huonyesha kati ya omu 30,000 na 35,000. Halafu kitie katika maji yanayochemka, viungo vya nyaya vikiwa nje. Hapa ndipo wengi hukosea. Mji wa Nyeri uko kiasi cha mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka huko yakifika takriban nyuzi 94, si 100 kama Mombasa. Nanyuki, ulio juu zaidi, huwa pungufu ya hapo. Katika nyuzi 100 kihisi huonyesha karibu omu 700, lakini katika nyuzi 94 ni karibu 830. Fundi anayengojea 700 mjini Nyeri atatupa kihisi kizima.

Mita isipoonyesha mkondo wowote, kihisi kimekatika. Kinunuliwe chenye vipimo vilevile. Kikiwa salama, pima koili: ya wati 3,000 huwa na omu 19 hivi.

Kidude cha usalama kinachokata umeme maji yakizidi moto kisiunganishwe kwa waya ili kupitwa. Kikikata tena baada ya kubonyezwa mara moja, hita izimwe hadi ichunguzwe na fundi mwenye leseni ya EPRA.