Vyumba Visivyo na Kuta: Nyumba ya Umatengo na Bei Yake

Wapenzi wa tenzi hawahitaji kukumbushwa namna Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alivyozipitia nyumba za Pate katika Al-Inkishafi. Hakuilaani nyumba kwa mbali, aliingia ndani. Alizionyesha tundu za ukutani zilizopangwa vyombo vya kauri, akaonyesha jinsi ndege walivyozirithi. Msikilizaji wa zama zake alimfuata hatua kwa hatua, maana alijua kila pahala pana kazi na hadhi yake: daka la kupokelea mgeni wa kupita, msana wa kuketi, ndani pa wenyewe, na nyumba ya kati alimooshwa maiti wa nyumba hiyo. Palipoanguka dari, haikuanguka boriti na chokaa tu. Ulianguka pia mpango wa watu waliokuwa wakiishi chini yake.

Mwendo huo wa chumba hadi chumba anao pia mtu mwingine, asiye mshairi kabisa, naye ni mwenye nyumba anayetaka kuuza. Yeye vilevile hutembeza watu, hufungua milango, husimulia. Tofauti ni kwamba mshairi alitaja vilivyopotea, na mwuzaji hutaja vilivyobaki. Na kwa kuwa hutaja vilivyobaki tu, ziara yake ni ya kusikilizwa kwa tahadhari, kwani nyumba ina vyumba visivyofungika kwa ufunguo. Hapana mahali panapoonyesha jambo hilo waziwazi kuliko milima ya Mbinga, juu ya Ziwa Nyasa, mbali kabisa na chumvi ya bahari.

Mtu wa Visiwani aweza kuuliza yamhusu nini ya huko. Yanamhusu kuliko adhaniavyo. Katika karne ya 19 Kilwa ndiyo bandari iliyopeleka Unguja watumwa wengi kupita bandari nyingine ya Mrima, na sehemu kubwa yao walitoka pande za Ziwa Nyasa. Mjini waliitwa Wanyasa, jina moja lililofunika makabila mengi, na mikono yao ni miongoni mwa mikono iliyobeba mawe na kukanda chokaa ya nyumba ambazo leo huuzwa kwa fedha za kigeni. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Pale Mkunazini wamisheni wa UMCA wakajenga kanisa, na ni wamisheni hao hao waliokwenda kutia nanga Likoma, na baadaye Liuli, katika ufuo wa ziwa lenyewe. Njia ya kutoka Nyasa kuja Unguja, kwa hiyo, ilikanyagwa pande zote mbili.

Nyumba ya Mmatengo ilianza kwa kukimbia. Wangoni walipoingia pande za Songea katikati ya karne ya 19, wenyeji walijibana milimani, katika mapango na miteremko mikali ambako askari wa uwanda hakufika kwa urahisi. Usalama waliupata, lakini ardhi ya kulima ilikuwa imesimama kama ukuta. Jawabu lao ni ngolo. Wanaume hufyeka majani na kuyalaza kwa safu zinazokatana kama nyavu; kisha wanawake huchimba udongo wa katikati ya kila jicho la wavu na kuyafunika majani yale, hata mlima wote ukawa mashimo na matuta. Mvua ikinyesha, maji hutuama mashimoni badala ya kuchukua udongo kwenda nao mtoni, na majani yaliyozikwa huoza yakawa mbolea. Maharage hupandwa mvua zikielekea kwisha, mahindi yakafuata msimu mwingine. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa Japani walikuja kuuchunguza ufundi huu katika miaka ya 1990, na wakaueleza kwa heshima kubwa. Wenyewe walikuwa wakiutumia zamani.

Basi mwenye nyumba wa Mbinga anapomtembeza mnunuzi, huanza pale wanapoanza wauzaji wote, mlangoni. Nyumba ni ya tofali za kuchoma, imeezekwa mabati. Sebule ina viti na picha za jamaa. Vyumba vya kulala viwili au vitatu. Kimoja hakina kitanda, kina magunia, kwa kuwa kahawa iliyokaushwa hulala ndani pamoja na wenye nyumba, haiachwi nje na wezi. Nje kuna chanja za kuanikia, banda la nguruwe, na mashine ya mkono ya kumenyea kahawa. Hapo maelezo ya mwuzaji hurefuka, na ni haki yake, maana bila kahawa nyumba hiyo ingekuwa ya miti, udongo na nyasi, kama walivyojenga babu zake.

Kahawa ilipandwa Umatengo katika miaka ya 1920, chini ya Waingereza. Mwaka 1936 kikaundwa chama cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo, NGOMAT, ambacho jina lake lenyewe liliwaunganisha waliokuwa wakikimbizana miaka 80 kabla yake. Tangu hapo kuta za Mbinga huweza kusomwa kama daftari. Jalidi ilipounguza mashamba ya Brazil mwezi wa Julai 1975, bei ya kahawa ilipanda duniani kote, na aliyekuwa na miche iliyokomaa Mbinga aliweza kufikiria bati. Mwaka 1989 mapatano ya kimataifa ya kugawana masoko ya kahawa yalivunjika, bei ikaporomoka, na tanuri nyingi za tofali zikapoa. Mwaka 1994 jalidi nyingine ya Brazil ikairudisha bei kwa kitambo. Katikati ya muongo huo huo chama kikuu cha ushirika cha Mbinga, MBICU, kikaanguka, na mkulima akabaki na wanunuzi binafsi. Kufika mwaka 2001 kahawa ilikuwa haina thamani ya jasho lake. Mnunuzi aonyeshwaye chumba cha nne kilichofika usawa wa dirisha na kuachwa bila kupauliwa huambiwa kwamba fedha zilipungua. Ni kweli, ila zilipungua London na New York kabla ya kupungua mfukoni mwa mwenye nyumba.

Hapo ndipo ziara ya mwuzaji humalizika, na hapo ndipo ingepasa kuanza.

Kwani chumba kikubwa cha nyumba ya Kimatengo hakikuwa na kuta. Kiliitwa sengu. Jioni wanaume wa ukoo mmoja, babu, wanawe na wajukuu zake wa kiume, walikutana mahali pamoja kwa mzee, na kila mke akaleta chakula chake. Walikula pamoja. Mke aliyejaliwa mavuno na mke aliyepungukiwa walileta vyungu vyao katika duara moja, na mtoto ambaye mama yake hakuwa na kitu alishiba kama wenzake. Wakisha kula, mzee alisikiliza mashauri: nani amevuka mpaka wa shamba, nani anataka kuoa, ng'ombe wa nani ameingia kwa nani. Vijana walifunzwa hapo bila ya ubao wala chaki. Mtu wa pwani ataukumbuka msana na daka kwa pamoja, na baraza ya nje vilevile, ingawa hakuna hata kimoja katika hivyo kinachotosha kufananishwa nao. Baraza ya pwani ilikaribisha mpita njia, na sengu ilikuwa ya damu.

Sengu ilipungua nguvu kadiri kahawa ilivyoongezeka. Aliyepata fedha zake mwenyewe alijenga nyumba yake mwenyewe, akafunga mlango, akala na wanawe. Shule na mahakama zilichukua sehemu nyingine ya kazi ya mzee. Haifai kuupamba wakati uliopita kupita kiasi: katika duara lile wanawake walileta vyungu lakini hawakuketi kutoa hukumu, na kijana asiyekubaliana na babu yake hakuwa na pa kukata rufaa. Hata hivyo lililoondoka liliondoka na kitu ambacho tofali hazikukirudisha. Mwuzaji wa leo anayesimama uani na kusema "hapa ni uwanja" anasimama, pengine bila kujua, katika ukumbi wa babu yake.

Chumba cha pili kisicho na kuta ni ntambo, yaani mteremko mzima kati ya vijito viwili, kutoka kileleni hadi bondeni. Ukoo ulikaa juu yake kama familia ya pwani ikaavyo katika nyumba ya ghorofa: kilima kilikuwa na sehemu zake, kila sehemu na matumizi yake, na wana wakapata vipande kandokando ya baba yao. Ntambo zilipojaa, vijana walishuka mashariki kuelekea misitu ya miombo kufungua makazi mapya, na hayo yalitokea kwa wingi katika nusu ya pili ya karne ya 20. Kuuza nyumba katika ntambo, basi, si sawa na kuuza kisanduku kilicho peke yake. Ngolo za mwuzaji na za ndugu yake hunywa mvua moja. Anayeacha matuta yake yabomoke humpelekea jirani wa chini maji na mchanga.

Sheria imejaribu kuyashika mambo haya. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika mwaka 2001, iliikabidhi halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi, na mwenye hakimiliki ya kimila hawezi kumhamishia mtu wa nje bila ya halmashauri kuridhia. Nayo Mahakama Kuu mjini Mwanza, katika hukumu ya Jaji Mwalusanya ya mwaka 1990 juu ya shamba la ukoo huko Kagera, ilitamka kwamba mwanamke aliyerithi ardhi ana uwezo wa kuiuza kama mwanamume. Kwa hiyo ukoo umepungukiwa na sauti upande mmoja, na kijiji kimepata sauti upande mwingine. Mzee wa sengu, kwa nafasi yake hiyo, hatajwi popote.

Kisha yakaja makaa ya mawe. Huko Ngaka, katika wilaya hiyo hiyo ya Mbinga, uchimbaji ulianza mwaka 2011, chini ya kampuni iliyoundwa na Shirika la Maendeleo la Taifa pamoja na wawekezaji wa Australia. Mgodi wowote unapotwaa ardhi, hufika mgeni mwingine anayetaka kutembezwa nyumba chumba kwa chumba, naye ni mtathmini. Huyu hanunui, lakini hupima. Kanuni za mwaka 2001 zinamwelekeza cha kuandika: thamani ya soko, posho ya usumbufu, gharama ya kusafirisha vyombo, kodi ya makazi kwa muda wa miezi 36, faida itakayopotea. Huhesabu milango, huhesabu miti. Kwa haki kabisa, orodha yake ni ndefu kuliko ya mwuzaji wa kawaida. Lakini ni orodha ya vinavyohesabika, na sengu haina mita za mraba.

Makaburi, ajabu yake, yamo. Ipo sheria ya mwaka 1969 juu ya kuyahamisha makaburi pale ardhi inapotakiwa kwa manufaa ya umma. Katika mauzo ya hiari, hata hivyo, hakuna ahamishaye mtu. Kaburi la mzee hubaki kando ya mibuni, na mnunuzi hupewa maelezo ya mdomo kwamba wajukuu watakuja kufagia. Hilo halina bei, wala haliandikwi, hutegemewa tu.

Limebaki jiko. Husimama peke yake nyuma ya nyumba, jeusi kwa moshi, na mwuzaji hulionyesha kwa kidole akiwa mbali. Angefanya vyema kusogea. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo haivuki bahari kuja Visiwani, katika kifungu chake cha 59 inamkataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Mwenye ridhaa hiyo yumo humo jikoni. Ndiye aliyezifunika ngolo zile kwa udongo, na mkwe wake ndiye aliyepeleka chungu kwenye sengu. Ziara nyingi hupita mlango wake bila kumwita. Mnunuzi anayeyajua ya huko, kabla ya kurudi kwa mwenye nyumba na kutaja bei, huzunguka uani, akabisha hodi, akaomba maji ya kunywa, kisha akamwuliza mama huyo kama anajua kwamba nyumba inauzwa.