Hurumzi: Mtaa Uliobebwa Mabegani

Majina ya mitaa ya Mji Mkongwe wa Unguja ni diwani isiyo na jalada. Kajificheni, Soko Muhogo, Mkunazini, Kiponda, Hamamni: kila jina lina kisa chake, na kila kisa kina watu wake. Baina ya majina hayo, Hurumzi lina uzito wa peke yake. Anayeingia leo katika kichochoro hicho akitokea Ngome Kongwe kwa njia ya Gizenga hupokewa na maduka kushoto na kulia. Kanga na vikoi vimetundikwa ukutani, mikoba ya ukili imening'inia milangoni, masanduku yamepigwa misumari ya shaba, na picha za Tingatinga zenye rangi kali zimepangwa safu safu. Nyumba ni ndefu, ujia ni mwembamba, na jua hufika chini kwa saa chache tu za mchana.

Ni mtaa wa kutazama na kununua. Lakini kabla ya hapo ulikuwa mtaa wa kukaa. Na kabla haujajengwa, sehemu kubwa ya mali iliyoujenga ilitembea kwa miguu kutoka mbali, huko Unyamwezi, Usumbwa na Usukuma, nchi ambazo leo zimo katika mikoa ya Tabora, Shinyanga na Geita na jirani zake. Historia ya Hurumzi isiyofika huko ni historia iliyokatwa miguu.

Nyumba kubwa ya mtaa huo inanasibishwa na Tharia Topan, tajiri wa Kiismailia aliyezaliwa Kachi, India, mwaka 1823, akaja Unguja angali mdogo. Alianza chini katika biashara, akapanda hadi kushika forodha ya Sultani, na akawa mkopeshaji wa wenye misafara. Miongoni mwa waliokopa kwake ni Hamed bin Muhammed, aliyejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, ambaye alimtaja Tharia katika habari za maisha yake alizozisimulia mwenyewe kwa Kiswahili.

Utaratibu wa biashara hiyo ulikuwa mwepesi kuueleza na mgumu kuutenda. Mwenye mali alikaa Unguja, akatoa nguo, shanga na masango kwa mkopo. Mwenye msafara akavipeleka bara, akarudi baada ya mwaka, miwili au zaidi, na deni likalipwa kwa pembe za ndovu pamoja na faida. Nguo zenyewe zilikuwa zimeshasafiri: merikani ilitoka Massachusetts katika merikebu za Salem, kaniki ilitoka India, na shanga nyingi zilitoka Venice. Pembe nazo zikaendelea na safari hadi Bombay, London na Connecticut, ambako zilichongwa vibao vya piano, hata kijiji kimoja huko kikaitwa Ivoryton, yaani mji wa pembe. Baina ya bei ya pembe huko Bara na bei yake huko ng'ambo ya bahari palikuwa na nafasi kubwa, na katika nafasi hiyo ndimo ziliposimama nyumba za ghorofa, milango ya nakshi na roshani za Mji Mkongwe.

Nani, basi, aliyezileta pembe hizo hadi pwani?

Watu wa pwani waliwaita wote Wanyamwezi. Jina hilo lilibeba makabila mengi kuliko lilivyostahili, kwani ndani yake walihesabiwa pia Wasumbwa na Wasukuma. Watu hao hawakungoja kugunduliwa. Mwanzoni mwa karne ya 19, kabla wafanyabiashara wa pwani hawajaweka makaazi Kazeh, mahali ambapo leo ni Tabora, Wanyamwezi walikuwa wameshaijua njia ya bahari na wakiteremsha pembe wenyewe. Kwao safari ya pwani ilikuwa alama ya utu uzima. Kijana aliyekwenda na kurudi alihesabiwa mtu mzima, na asiyekwenda alibaki na neno la kujibu mbele ya wenzake.

Nchi hizo zilikuwa na biashara zao kabla ya pembe. Katika sehemu za Geita, Warongo walikuwa mafundi wa chuma, wakiyeyusha mawe na kufua majembe. Na majembe hayo yalitembea nchi hata nchi, yakilima, yakilipa mahari na kununua mifugo. Kutoka Usumbwa walitoka wafanyabiashara waliofika Katanga kufuata shaba. Mmoja wao, Ngelengwa, aliyekuja kuitwa Msiri, alifanya makao huko katikati ya karne ya 19, akajenga dola ya Wayeke na mji wake Bunkeya, hadi alipouawa tarehe 20 Disemba 1891 na watu wa msafara uliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Basi Msumbwa alikuwa mfanyabiashara na mjenzi wa dola kabla ya kuandikwa katika vitabu vya watu wengine kuwa ni bega tu la kuchukulia mizigo. Mwaka 1858 John Hanning Speke alipotoka Kazeh kwenda kaskazini hadi Mwanza, akipita nchi ambayo leo ni Shinyanga, aliikuta njia imeshachongwa na nyayo za wenyewe.

Hata hivyo bega lilikuwapo, na lilichukua. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikaribia frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, mbali na mkeka wake, chungu chake na chakula chake. Pembe ilikuwa mzigo wa heshima, wa wenye nguvu. Mchukuzi aliiweka begani, vitu vyake akavifunga kwenye mwisho wenye uwazi, na kwenye ncha akaning'iniza kengele ya ng'ombe. Msafara ulisikika kabla ya kuonekana. Walitoka wakati wa kiangazi, mavuno yakiwa yameshaingia ghalani, wakapita Kazeh, wakakata nyika ya Mgunda Mkali, wakaingia Ugogo ambako hongo ililipwa kwa kila mtemi, na baada ya miezi mitatu au zaidi wakaiona Bagamoyo. Wengine walizikwa njiani, kwa njaa, kwa ndui, kwa vita. Wengi wa Wanyamwezi hawa walikuwa watu huru waliolipwa ujira. Lakini katika njia hiyo hiyo walipita pia waliofungwa minyororo, na si haki kuwasahau hao kwa kuwakumbuka hawa.

Bagamoyo ndipo safari ya wengi ilipoishia. Pembe ziliingia jahazini kuvuka kwenda Forodhani, na mpagazi akabaki kambini akingoja mzigo wa kurudi nao: marobota ya merikani, shanga, masango. Wako waliovuka, na wako waliolowea Unguja. Lakini wengi hawakuuona hata mlango mmoja wa Hurumzi. Waliubeba mtaa mabegani, kipande kwa kipande, wala hawakujua kwamba wanajenga.

Jina la mtaa lilikuja baadaye. Mwaka 1873 soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa, na mwaka 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitia saini amri iliyoondoa hadhi ya utumwa mbele ya sheria. Inasimuliwa kwamba jumba la Hurumzi lilitumiwa na Waingereza katika shughuli za kuwaachia watumwa huru na kuwalipa mabwana fidia, na kwamba jina lenyewe limetokana na maneno hayo ya uhuru. Msomaji na alitazame jambo hilo kwa makini. Aliyelipwa ni aliyekuwa akimiliki. Aliyekuwa akimilikiwa alipewa karatasi, na ilimpasa yeye mwenyewe kwenda kuiomba. Masuria hawakuingizwa katika amri ile. Wao walingoja hadi mwaka 1909. Hivyo jina linalotamkwa leo kwa furaha na watembezaji wageni limebeba pia hesabu ambayo haikulipwa sawasawa.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 mtaa ulibadilika tena. Wenye nyumba wengi, Waarabu na Wahindi, waliondoka au waliondolewa. Nyumba nyingi zikachukuliwa na serikali, na watu kutoka mashamba na Ng'ambo wakapewa vyumba ndani yake. Njia nazo zikapewa majina mapya: Gizenga ni jina la Antoine Gizenga, naibu wa Patrice Lumumba katika serikali ya Kongo ya mwaka 1960. Katika jumba lililojengwa kwa ajili ya jamaa moja na watumishi wao, sasa zilikaa jamaa tano au sita, kila moja na jiko lake. Kwa mara ya kwanza wajukuu wa waliochukua mizigo waliingia kwa mlango wa mbele. Hilo ni jambo kubwa, na wanaoulilia mji wa zamani aghalabu hulisahau.

Lakini nyumba ya mawe ya matumbawe, udongo na chokaa haitaki kuachwa. Boriti za mikoko zikishalowa maji ya mvua huoza, ukuta hufura, na siku moja ghorofa hushuka. Kodi ilikuwa ndogo, mwenye jukumu la kutengeneza hakujulikana, na katika miaka ya 1970 na 1980 nyumba nyingi zilianguka. Mwaka 1985 ikaundwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Biashara ilikuwa imeanza kufunguliwa, na mwaka 1986 ikapitishwa sheria ya kuvutia vitega uchumi. Wageni wakaanza kuja. Jumba la Hurumzi likageuzwa hoteli katika miaka ya 1990, na vyumba vya chini vya nyumba za jirani, vilivyokuwa maghala na maduka ya rejareja, vikawa maduka ya sanaa.

Sanaa ilirudi kwa milango mingine pia. Ngome Kongwe, iliyokuwa boma la askari, kisha gereza, ilijengewa jukwaa la wazi. Tamasha la filamu la nchi za jahazi lilianza mwaka 1998, Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kikafunguliwa mwaka 2002 katika nyumba ya forodha ya zamani, na Sauti za Busara ikaanza mwaka 2004. Kijana wa Unguja anayejifunza leo kupiga qanuni au udi anajifunza ndani ya kuta ambamo zamani mizigo ilipimwa na kutozwa ushuru. Wapo pia wanawake wa mashamba ambao ukili wao sasa una soko, na mafundi wa chokaa na nakshi ambao kazi yao ilikuwa karibu kufa. Asemaye kwamba biashara ya wageni imeharibu tu, hajawauliza hao.

Pia si kosa kwamba vinavyouzwa humo vingi havikuzaliwa humo. Hurumzi tangu hapo ni mtaa wa vitu vilivyotoka kwingine. Picha za Tingatinga zimepewa jina la Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru aliyechorea Dar es Salaam kwa rangi ya baiskeli, akafariki mwaka 1972. Vinyago ni kazi ya Wamakonde. Hata shanga, ambazo zamani zilitoka pwani kwenda Bara, sasa hutoka Bara zimeshatungwa kuja kuuzwa pwani. Wauzaji wengi ni vijana wa Bara, nao wanatembea katika nyayo za kale kuliko wanavyodhani.

Kosa linaanzia kwingine. Kila nyumba inapogeuzwa hoteli au duka toka chini hadi juu, jamaa zilizokuwamo hutafuta makaazi Ng'ambo au nje kabisa ya mji, na baraza hubaki bila wa kukaa. Mwaka 2020, korona ilipokata wageni, jambo hilo lilidhihirika. Pale penye wakaazi, mtaa uliendelea kunuka vitunguu vya kukaanga na kusikika sauti za watoto watokao chuoni. Pale palipokuwa pa maduka matupu, paliteremshwa makufuli, na kichochoro kikawa ujia tu baina ya kuta mbili. Disemba 25 ya mwaka huo huo sehemu ya Beit al-Ajaib, kasri ya Sayyid Barghash ya mwaka 1883, ilianguka na kuua watu wawili. Mawe yaliyohifadhiwa kwa karatasi nayo huanguka.

Mwaka 2000 Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mwaka huo huo, huko Geita, ulifunguliwa mgodi mkubwa wa dhahabu wa zama hizi, katika ardhi ya Warongo na majirani zao. Nchi iliyotoa mabega ya kubeba pembe ikaanza tena kutoa kitu kizito chenye thamani, nacho kikaondoka kwa ndege kwenda kuwa mali ya mji mwingine. Hakuna aliyepanga miaka hiyo ikutane. Lakini imekutana, na kukutana kwake kunauliza swali lile lile la zamani: katika mji unaojengwa kwa mzigo, aliyeubeba ana chumba gani?

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Milango ya Hurumzi hupigwa picha kila siku, na watembezaji wageni hutaja Sultani, tajiri na fundi wa nakshi. Kumtaja pia Msumbwa aliyekuja na kengele kwenye ncha ya pembe hakuhitaji kuondoa jiwe wala kuongeza. Na kuwaachia jamaa chache za Unguja vyumba vya juu, kwa kodi wanayoiweza, ili jioni maduka yakifungwa pawepo mtu wa kuwasha taa dirishani, kunahitaji uamuzi tu wa wenye mamlaka. Mtaa huu uliwahi kujengwa na watu ambao hawakuruhusiwa kuuona. Itakuwa aibu uhifadhiwe kwa ajili ya watu ambao hawalali humo.