Waliokwenda Moscow na Daraja la Tatu

Matokeo yangu ya KCSE yalikuja na B-, na Kemia ikanipa C. Kwa kozi nyingi hapa Kenya hiyo ni gredi ya kutembea nayo kifua mbele. Kwa udaktari kwenye chuo cha umma, ilikuwa kama sijafanya mtihani. Wiki mbili baadaye mathe alinipeleka kwa ajenti mmoja katikati ya Nairobi, ghorofa ya tatu, ukutani picha za vijana wenye makoti meupe wamesimama kwenye theluji. Ajenti aliitazama karatasi yangu kidogo tu.

"Mama, huyu ni daktari tayari," akasema. "Imebaki pesa ya kushikilia nafasi."

Hatukulipa. Mathe angelazimika kuuza ploti, na mimi niliingiwa na baridi. Nikajiunga na chuo cha hapa, kozi nisiyoipenda, nikaiacha mwaka wa tatu. Siku hizi naandika. Lakini dada yangu mdogo yuko Kidato cha Nne, anataka udaktari, na mitihani ya majaribio inamweka kwenye C+. Juzi akaniuliza, "Nikikosa hapa, niende nje?"

Nilitaka kumjibu hapo hapo. Nikaona wacha kwanza nisome ni nani walienda kabla yetu. Kumbe swali lake ni la zamani kuliko nchi yenyewe.

Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963 haikuwa na shule ya udaktari hata moja. Makerere, iliyoanza kufundisha udaktari mwaka 1924 pale Mulago, ndiyo iliyokuwa tegemeo la Afrika Mashariki kwa muda mrefu. Nairobi ilianza kufundisha madaktari mwaka 1967. Ya pili, kule Eldoret, ilikuja zaidi ya miaka ishirini baadaye. Kwa hivyo kijana aliyekosa kiti Makerere enzi zile hakuwa lazima mjinga. Viti vilikuwa vimeisha.

Tom Mboya alilielewa hilo. Septemba 1959 ndege ya kwanza ilibeba wanafunzi 81 kwenda Marekani, na hadi 1963 walikuwa wamekwenda karibu 800. Leo tunawataja kwa fahari, Wangari Maathai akiwa mmoja wao. Tunachosahau ni jinsi maafisa wa kikoloni walivyowabeza: eti hawa ni mabaki ya Makerere, na vyuo wanavyoendea si vya maana. Yale yale unayoyasikia leo kuhusu mtoto wa jirani aliyeenda kusomea nje.

Jaramogi Oginga Odinga naye aliangalia upande wa pili. Kupitia kwake na ofisi ya Wakenya kule Cairo, vijana wengi walipata nafasi katika nchi za Kikomunisti. Serikali ya kikoloni haikuwa na haraka ya kuwapa pasipoti, kwa hivyo baadhi walipita Uganda, wakaingia Sudan, wakafuata mto Nile hadi Cairo, kwa lori, kwa meli, na kwa miguu pale ilipobidi.

Moscow, mwaka 1960, kilikuwa kimefunguliwa Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa, ambacho mwaka uliofuata kilipewa jina la Patrice Lumumba. Masomo yalikuwa bure, malazi bure, na posho juu. Udaktari ulikuwa mojawapo ya vitivo vyake. La muhimu kwa hadithi hii: hawakumfukuza mtu mwenye alama dhaifu. Walimweka kwenye kitivo cha maandalizi, mwaka mmoja hadi mitatu, ajifunze Kirusi na kuziba mapengo ya sekondari. Mlango ulikuwa wazi, lakini ndani kulikuwa na ngazi ndefu.

Mtaani kwetu kulikuwa na mzee mmoja, daktari mstaafu, aliyepanda ngazi hiyo. Aliondoka na Daraja la Tatu la mtihani wa Cambridge. Nilimuuliza kama alihisi aibu.

"Aibu ya nini, mjukuu wangu?" akaniambia. "Mwaka wa kwanza sote tulikuwa watoto wachanga. Hata yule wa Daraja la Kwanza hakujua 'ini' kwa Kirusi."

Hakunificha kwamba si wote waliovumilia. Desemba 1963, mwanafunzi wa udaktari kutoka Ghana alipatikana amekufa nje ya Moscow, na wanafunzi Waafrika wakaandamana hadi Red Square. Mwaka 1965 Wakenya 29 waliokuwa Baku walifunga virago wakarudi nyumbani, wakilalamikia ubaguzi.

Na waliomaliza? Walirudi kwenye nchi ambayo Odinga na Kenyatta walikuwa wameshakosana. Kufikia 1966 Odinga alikuwa upinzani, na cheti cha Moscow kilitazamwa kwa jicho la pembeni. Mzee alisema alipimwa upya na watu waliokuwa hawajamuuliza swali hata moja la udaktari. Ilibidi athibitishe kazi yake wodini, mgonjwa baada ya mgonjwa.

Hapo ndipo nilipopata jibu la dada yangu. Miaka yote hii, kuingia chuo cha nje halijawahi kuwa jambo gumu zaidi. Gumu ni kurudi. Siku hizi baraza la madaktari lina masharti yake: chuo kiwe kinatambulika, alama zako za sekondari zifike kiwango, na ukirudi ufanye mtihani kabla ya kupewa nafasi ya mafunzo hospitalini. Chuo cha ng'ambo kinaweza kukukubali kwa gredi ambayo nyumbani haitakubaliwa. Utakaa huko miaka sita, ploti imeuzwa, kisha uambiwe hukupaswa kuanza. Ajenti hakututajia hilo. Tofauti na enzi za mzee, posho pia hakuna. Anayelipa ni mathe.

Kwa hivyo nimemwambia hivi: C+ haimaanishi huna akili ya udaktari. Waliokwenda na Daraja la Tatu walitibu watu wetu kwa miaka mingi. Lakini kabla ya kumsikiliza mtu mwenye picha za theluji ukutani, tutaenda kwa baraza tuulize masharti, tuyaandike kwenye karatasi. Yakikukataa, tujue mapema. Kuna uuguzi, kuna diploma ya utabibu, na kutoka huko wapo wanaopanda.

Alinyamaza, halafu akaniuliza, "Na wewe, unajuta hukwenda?"

Nikamwambia siku nyingine ndiyo, siku nyingine hapana. Ninachojutia hasa ni kwamba sikuuliza mtu yeyote chochote. Niliogopa, nikanyamaza, nikaliita hilo uamuzi.

KCSE yake bado miezi kadhaa. Jumamosi tunaanza na Kemia.