Miduara ya Jua na Mwezi Katika Miamba ya Kenya na Uganda

Katika Kisiwa cha Mfangano, Kaunti ya Homa Bay, miamba ya Mawanga na Kwitone ina michoro ya miduara myekundu na myeupe, mingine yenye miale mithili ya jua. Michoro inayofanana nayo ipo Kakapel, Kaunti ya Busia, na Nyero, wilayani Kumi, Uganda. Watafiti wengi huihusisha na wawindaji wa kale wa jamii ya Watwa. Wasuba walioikuta hawakuichora, ila waliomba mvua huko. Hivyo si busara kukata shauri kwamba kila duara ni jua au mwezi. Kuharibu turathi iliyolindwa ni kosa kwa mujibu wa Sheria ya Makumbusho na Turathi za Taifa ya Kenya ya mwaka 2006. Kakapel tayari imeharibiwa kwa maandishi, na rangi iliyofutika hairudishiki.